Sayyida Salme wa Mtoni: somo la malezi kwa mama wa mtoto anayechelewa kutembea na anayepata tabu kula

Ukitoka Mji Mkongwe kuelekea Bububu, utapita Mtoni. Pale ufukweni kuna magofu ya jumba la kale. Humo ndimo alimozaliwa Sayyida Salme, tarehe 30 Agosti 1844. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyeletwa kutoka mbali.

Wengi tunamjua kama binti mfalme aliyeondoka kwao. Mimi ni muuguzi wa jamii, na nampenda kwa sababu nyingine: alikuwa mama, na aliandika namna watoto wa Unguja walivyolelewa. Nikikaa na mama ambaye mwanawe ana mwaka na nusu, hajatembea, na kila akilishwa anapaliwa, mara nyingi namkumbuka Salme.

Malezi ya jumbani

Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka Ujerumani mwaka 1886. Ndani yake anaeleza kwamba mtoto mchanga alikuwa akiogeshwa maji ya vuguvugu, kisha akafungwa vitambaa mwili mzima, mikono na miguu imenyooshwa, mpaka arobaini ipite. Hili tusiliige. Miguu ikifungwa kwa kunyooshwa na kubanwa, nyonga ya mtoto inaweza kutoka mahali pake, na baadaye akapata tabu kutembea. Mfunike mwanao apate joto, lakini iache miguu yake ijikunje na kucheza.

Anaeleza pia kwamba watoto hawakubebwa sana. Waliwekwa chini kwenye zulia, wakajigeuza na kugaragara watakavyo. Hili ni jema. Shingo, mgongo na nyonga hupata nguvu mtoto anapojisukuma mwenyewe. Tandika mkeka, mlaze kifudifudi akiwa macho na wewe uko karibu, umwekee kitu cha kuvutia mbele yake. Anza kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Kigari cha magurudumu hakimfundishi mtoto kutembea, na kinaweza kumwangusha.

Chakula chao cha mwanzo, mbali na ziwa, kilikuwa maziwa yaliyopikwa na unga wa mchele na sukari. Na leo wengi wetu tunaanza na uji mweupe wenye sukari. Unashibisha, lakini haujengi damu wala misuli. Kuanzia miezi 6, endelea kunyonyesha na uutie uji nguvu: dagaa waliosagwa vizuri, yai lililoiva, njugu zilizosagwa, tui la nazi, boga au mchicha.

Jambo ninalolipenda zaidi ni hili: mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, jumba lilifanya sherehe. Alimwagiwa bisi zilizochanganywa na sarafu za fedha, na ndugu zake wakazigombania. Yaani hatua ya mtoto ilikuwa habari ya nyumba nzima. Watu walikuwa wakimtazama.

Mama peke yake

Baba yake alifariki mwaka 1856. Mama yake akafuata mwaka 1859 kwa kipindupindu, Salme akiwa hajatimiza miaka 15. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Walioana Aden mwaka 1867, naye akaitwa Emily Ruete. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa bado mchanga.

Huko Hamburg alizaa watoto watatu: Antonie, Said na Rosalie. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu. Mtoto mkubwa hakuwa ametimiza miaka mitatu, mdogo alikuwa wa miezi michache. Salme alibaki mjane katika nchi ya baridi na lugha ya watu, mbali na ndugu zake. Ili kuwalea wanawe, alifundisha Kiarabu na akaandika kitabu chake.

Aliyekulia katika nyumba iliyosherehekea mtoto kukaa, sasa alikuwa na watoto watatu na hakuna shangazi wala bibi wa kumuuliza. Upweke huo naukuta hata leo, hapa hapa Unguja, kwa mama aliyezungukwa na jamaa. Mtoto akichelewa, wapo wanaosema ni husuda, na wapo wanaomlaumu mama. Basi mama anamficha mtoto ndani na anaacha kuja kliniki. Miezi inapita, na hiyo ndiyo miezi ambayo msaada ungefaa zaidi.

Lini uje kituo cha afya

Watoto wengi hutembea wenyewe kati ya miezi 9 na 18. Usisubiri zaidi ikiwa:
- ana miezi 9 na hawezi kukaa bila kushikwa;
- ana miezi 18 na hajatembea;
- amelegea sana, au amekakamaa, au anatumia upande mmoja tu;
- alikuwa akiweza jambo, sasa ameliacha;
- anapaliwa au kukohoa anapokula, au kifua kinamrudia mara kwa mara;
- kila mlo unachukua zaidi ya nusu saa, au uzito hauongezeki kwenye kadi.

Akibadilika rangi au akishindwa kupumua wakati wa kula, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Tabu ya kula na kuchelewa kutembea zikija pamoja, sababu huweza kuwa utapiamlo, upungufu wa damu, matege, au mtindio wa ubongo. Kila moja ina matibabu au mazoezi yake, ndiyo maana kukisia nyumbani hakutoshi. Omba apimwe, na ukipewa rufaa ya hospitali, nenda.

Wakati huo huo, nyumbani, mlishe akiwa amekaa wima, kichwa kimeegemezwa na kidevu kimeinama kidogo. Usimlishe amelala. Tumia kijiko kidogo na chakula laini kizito, kisicho cha maji maji. Ngoja ameze ndipo umpe kingine. Usimshike pua wala kumlazimisha.

Salme alikaa Beirut kwa miaka mingi, kisha akarudi Ujerumani, akafariki mjini Jena mwaka 1924. Alizikwa Hamburg, na kaburini akawekewa mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza siku zote.

Yeye hakuwa na mtu wa karibu wa kumuuliza. Wewe unaye: muuguzi wa kituo chako na mhudumu wa afya wa shehia yako. Mlete mtoto, na kadi yake. Usimfiche. Na siku atakapokaa mwenyewe, hata kama amechelewa, kaanga bisi, uite majirani.