SHEIKH SHAABAN ROBERT (1909–1962): KARANI ALIYEFANYA SUBIRA



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, kila mwaka vijana wetu wa hapa Makoko wanamaliza kidato cha nne na cha sita, na wengine wanamaliza vyuo. Maombi ya kazi yanapelekwa Musoma mjini, Mwanza na hata Dar es Salaam. Wachache wanajibiwa, wengi wanakaa kimya wakisubiri. Kijana aliyetarajia ofisi anarudi kwenye mtumbwi wa dagaa, na wazazi waliouza ng'ombe ili kumlipia ada wanaanza kuuliza faida ya masomo yale iko wapi. Hili si jambo dogo, na limewavunja moyo wengi. Kwa sababu hiyo tumeona tuwaeleze maisha ya Muislamu mmoja wa upande wa pili wa nchi yetu, kule pwani ya Tanga. Jina lake mnalijua kutoka vitabu vya shule, lakini huenda hamjui alitafuta vipi riziki yake.

Kuzaliwa na masomo

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Jina la Robert ni la baba yake; yeye mwenyewe aliishi na kufa akiwa Muislamu. Mwaka 1922 alipelekwa kusoma Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1926. Katika mtihani wa mwisho alishika nafasi ya pili kati ya wanafunzi 11 waliofaulu.

Kijana mwenye matokeo kama hayo leo angetarajia kuendelea mbele. Lakini Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na milango ya elimu ya juu kwa Mwafrika ilikuwa michache mno. Chuo Kikuu cha kwanza nchini kilifunguliwa mwaka 1961, Shaaban akiwa na umri wa miaka 52. Kwa hiyo masomo yake ya darasani yaliishia pale pale.

Kazi ya ukarani

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka 18, akihamishwa kituo hadi kituo, Pangani ikiwa mojawapo. Mwaka 1944 alihamia idara ya wanyama, mwaka 1946 akarudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya serikali, na kuanzia 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji ardhi. Jumla ni miaka 34 ya utumishi.

Tuelewe hali ilivyokuwa. Serikali ya kikoloni iliwapanga watumishi wake kwa rangi: Wazungu juu, Wahindi katikati, Waafrika chini. Mtu aliweza kuwa hodari kuliko mkubwa wake, na bado akabaki karani. Shaaban hakuwa kipofu wa dhuluma hiyo. Katika kitabu cha Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, alisimulia habari za nchi ya kubuni ambamo mtu anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Wasomaji wengi waliona humo picha ya utawala wa wakati ule.

Jambo la kuangalia ni hili: hakuacha kazi yake ikaharibika kwa sababu haikuwa ile aliyostahili, na pia hakukubali kwamba ukarani ndio mwisho wake. Mchana aliandika hesabu na barua za ofisi, na nje ya saa za kazi aliandika mashairi, tenzi na hadithi.

Misiba na vitabu

Nyumbani nako alipata mtihani. Mke wake Amina alifariki mapema, akamwachia watoto wa kulea. Alitunga shairi la kumlilia, na akawatungia watoto wake tenzi mbili za mawaidha: Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Mzazi asiye na mali ya kurithisha alirithisha nasaha.

Kuhusu vitabu, mtu anaweza kudhani kwamba mwandishi mkubwa kama yeye alipokewa kwa mikono miwili. Haikuwa hivyo. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, ambazo zilichapishwa mwaka 2002, zinaonyesha mtu aliyehangaika na miswada yake na wachapishaji. Diwani yake ya Pambo la Lugha ilichapishwa mbali sana, Afrika Kusini, mwaka 1948. Kufikirika aliiandika mwaka 1946, lakini ilitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968. Yeye alikuwa amefariki Juni 1962, akiwa na miaka 53, miezi michache tu baada ya uhuru. Vitabu hivyo hakuviona kwa macho yake.

Ni kweli alitunukiwa tuzo ya Margaret Wrong na nishani ya MBE ya Uingereza. Lakini heshima aliyonayo leo, kusomwa mashuleni na kuitwa na wengi baba wa fasihi ya Kiswahili, kwa sehemu kubwa ilikuja yeye akiwa kaburini.

Mafunzo kwetu

Kwanza, kijana usidharau kazi ndogo iliyo ya halali. Aliyeandika Kusadikika alikuwa karani. Na huyo Utubora wa kwenye kitabu chake aliacha ukarani wa mjini akaenda kulima, na hakuona haya.

Pili, kutawakali si kukaa barazani. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Allah. Peleka maombi, na wakati unasubiri jibu jifunze ufundi, fundisha wadogo zako, endelea kusoma.

Tatu, subira si kunyamaza mbele ya dhuluma. Shaaban alisubiri, na huku kalamu yake ilisema.

Nne, wazazi wetu, msimpime mtoto kwa mshahara wa mwaka wa kwanza. Laiti Shaaban angepimwa kwa cheo chake cha mwaka 1946, angeonekana ni karani wa miaka 20 asiyepanda, na muswada wa Kufikirika umo sandukuni.

Juhudi ni yetu, matokeo ni ya Allah, na wakati wake anaujua Yeye. Tumuombe amrehemu marehemu, awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, na atupe nyoyo zisizokata tamaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.