Phineas Gage: Nyapara wa reli aliyetufundisha jinsi ubongo unavyotawala hasira

Wasikilizaji wetu wa Kilosa mnaijua kazi ya kupasua miamba ili reli ipite. Mahandaki ya reli ya kisasa yamechimbwa kwenye milima yenu. Kazi kama hiyo ndiyo iliyobadili maisha ya Phineas Gage, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1823.

Septemba 13, 1848, Gage alikuwa nyapara wa kikosi cha kulipua miamba katika jimbo la Vermont. Akiwa anashindilia baruti, ikalipuka. Mtarimbo wake, wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6, uliingia chini ya shavu la kushoto na kutokea utosini. Dakika chache baadaye alikuwa anazungumza. Daktari John Harlow alimtibu akapona, ila jicho la kushoto halikuona tena.

Lakini tabia ilibadilika. Mtu mtulivu aliyeaminiwa na mabosi wake akawa wa hasira na matusi, akipanga jambo na kuliacha njiani. Alinyimwa unyapara.

Kwa nini? Chukua mfano wa mkulima wa Mikumi aliyekutana na tembo shambani. Katikati ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala. Hiyo hupiga kengele mara moja: moyo unadunda, miguu inataka kukimbia. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, hupokea taarifa, huipima, kisha hurudisha jibu: tulia, rudi nyuma polepole. Mazungumzo hayo hupita kwenye nyuzi za fahamu. Mtarimbo uliharibu sehemu hiyo ya mbele na kukata nyuzi zake. Kengele ililia, mtulizaji hakusikika.

Hata hivyo, mwaka 1852 Gage alikwenda Chile, akaendesha gari la abiria la kukokotwa na farasi kwa miaka kadhaa. Kazi hiyo inahitaji subira na ratiba, na watafiti wa leo wanaona kuwa ilimsaidia kujirekebisha. Alifariki California mwaka 1860, baada ya kuandamwa na kifafa.

Basi, ndugu yetu aliyeumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda akibadilika tabia, tusikimbilie kusema amerogwa au amekuwa mhuni. Tumpeleke hospitali, kisha tumpe kazi yenye utaratibu, na muda. Na sisi tulio wazima tuvae kofia ngumu.