Franco Basaglia, daktari aliyetaka pesa za hospitali zimfuate mgonjwa nyumbani

Mtu anaporuhusiwa kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili, familia hufurahi siku hiyo moja. Kesho yake maswali yanaanza: atalala wapi, atakula nini, dawa atapewa na nani? Daktari wa Italia, Franco Basaglia, aliyashughulikia maswali hayo kwa karibu miaka ishirini.

Alizaliwa Venice mwaka 1924. Akiwa mwanafunzi alifungwa jela kwa miezi kadhaa kwa kuupinga utawala wa kifashisti. Mwaka 1961 alipokabidhiwa hospitali ya Gorizia, mpakani na Yugoslavia, alikuta wagonjwa wamefungiwa, wengine wamefungwa kamba vitandani, na hali ile ikamkumbusha jela. Alikataa kutia saini daftari la waliofungwa usiku. Milango ikaanza kufunguliwa.

Haikuwa rahisi. Mwaka 1968 mgonjwa aliyepewa ruhusa ya siku moja alimuua mke wake. Basaglia alishtakiwa, na mahakama haikumkuta na hatia. Hofu ya majirani ilikuwa ya kweli, na hata leo anayetaka wagonjwa warudi katika jamii lazima aizungumzie waziwazi.

Mwaka 1971 alihamia Trieste, hospitali yenye wagonjwa wapatao 1,200. Hapo ndipo kazi yake kubwa ilipofanyika, kwa sababu serikali ya mkoa, chini ya Michele Zanetti, ilikubali kumuunga mkono. Wagonjwa walikuwa wakifagia na kufua hospitalini bila mshahara, ikiitwa tiba. Basaglia na wenzake wakawasaidia kuunda chama cha ushirika, wakalipwa kama wafanyakazi wengine. Walioruhusiwa walipewa ruzuku ya fedha taslimu na nyumba za kuishi kwa vikundi. Aliyepona lakini hana pa kwenda aliruhusiwa kubaki kwenye eneo la hospitali kama mgeni, akila na kulala, bila kuhesabiwa tena kuwa mfungwa wa wodi. Mitaani vikafunguliwa vituo vya afya ya akili, ambavyo baadaye vilifanya kazi usiku na mchana, vyenye vitanda vichache kwa aliyezidiwa.

Wodi zilipofungwa moja baada ya nyingine, wauguzi walihamia vituoni. Mshahara ulikuwa uleule wa serikali, mahali pa kazi ndipo palipobadilika. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo wengi waliomsifu Basaglia hawakulitazama vya kutosha.

Tarehe 13 Mei 1978 Bunge la Italia lilipitisha Sheria namba 180, iliyozuia kujenga hospitali mpya za wagonjwa wa akili na kuagiza huduma zipelekwe katika jamii. Sheria haikutenga bajeti maalumu. Majimbo yaliachiwa utekelezaji: mengine yalifungua vituo, mengine yalichelewa sana, na huko mzigo uliziangukia familia, hasa akina mama na dada wa wagonjwa.

Basaglia hakuishi kuyaona hayo. Alifariki Agosti 1980 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 56. Mke wake, Franca Ongaro, aliyeandika naye vitabu, aliingia Seneti mwaka 1983 na kuendelea kudai sheria ile itekelezwe. Hospitali za mwisho za aina ile zilifungwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, baada ya serikali kuyatishia majimbo yaliyochelewa kwamba yangepunguziwa fedha.