Padri Gregor Mendel na njegere za monasteri

Mtoto wa mlimaji

Mwezi wa Julai 1822, katika kijiji cha Heinzendorf, alizaliwa mtoto mwanamume, akabatizwa jina la Johann. Wakati ule kijiji hicho kilikuwa chini ya Kaisari wa Austria; leo kimo katika nchi ya Ucheki, nacho huitwa Hynčice. Baba yake, Anton Mendel, alikuwa mlimaji. Siku tatu za kila juma alipaswa kumfanyia kazi bwana wa nchi pasipo mshahara, na siku zilizosalia ndizo alizolima shamba lake mwenyewe. Hata hivyo alipenda sana miti ya matunda, na padri wa parokia aliwafundisha watu wake kupandikiza tawi la mti mzuri juu ya shina la mti mwingine. Hivyo Johann alikua kati ya miti na mizinga ya nyuki.

Kwa kuwa alikuwa na akili, wazazi walimpeleka katika shule ya mbali, ijapokuwa fedha haikutosha hata kumlipia chakula kizima. Mwaka 1838 gogo la mti lilimwangukia baba yake kifuani, naye hakurudiwa tena na nguvu zake. Johann akawa hana wa kumlipia. Alijipatia riziki kwa kuwafundisha watoto wengine, lakini njaa na mahangaiko vilimwuguza. Ndipo dada yake mdogo, Theresia, akamhurumia. Kwa desturi ya kwao, binti ndiye aendaye kwa mumewe na mali. Theresia alitoa sehemu ya mali hiyo aliyowekewa, ili ndugu yake amalize masomo.

Mwalimu asiye na hati

Mwaka 1843 Johann aliingia katika monasteri ya Mtakatifu Tomaso ya Waagustino, mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 alipewa daraja takatifu ya upadri. Lakini alipowatembelea wagonjwa mahututi, moyo wake haukuweza kustahimili mateso yao, hata akaugua mwenyewe. Abate wake, Cyrill Napp, hakumdharau. Mwaka 1849 alimtuma kufundisha shule, na kazi hiyo ikampendeza.

Mwaka 1850 Padri Gregor alifanya mtihani wa waalimu, akashindwa. Abate akampeleka kusoma Vienna tangu 1851 hata 1853. Mwaka 1856 alijaribu mtihani tena, wala hakufaulu. Basi akabaki mwalimu msaidizi, asiye na hati. Lakini mwaka uleule wa 1856 alianza katika bustani ya monasteri kazi ambayo jina lake linakumbukwa kwayo mpaka leo.

Kuhesabu mbegu

Kila mzazi huona ajabu hii: mtoto hafanani na baba wala mama, bali na babu yake aliyekwisha kufa. Mlimaji naye huona mbegu ya sura moja ikizaa mimea ya sura mbalimbali. Siku zile wataalamu wengi walidhani kwamba urithi wa baba na wa mama huchanganyika kama maziwa na maji, usiweze kutenganishwa tena. Padri Gregor alitaka kuona kwa macho.

Alichagua njegere, mmea wa jamaa ya maharagwe. Kwa miaka miwili alizipima mbegu zake, apate kujua kama kila aina huzaa aina yake. Kisha alipanda katika kiwanja chenye urefu wa meta 35 hivi na upana wa meta 7. Alifungua ua changa, akaondoa sehemu zake za kiume kwa koleo ndogo, akapaka juu yake vumbi la ua la aina nyingine kwa brashi, akalifunga ua kwa kifuko ili mdudu asilete vumbi jingine. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka 8, na mimea aliyoichunguza yapata 28,000.

Alipozalisha njegere za manjano pamoja na njegere za kijani, watoto wote walikuwa wa manjano. Rangi ya kijani ilionekana kana kwamba imekufa. Lakini alipozipanda mbegu hizo na kuziacha zizae zenyewe, alivuna mbegu 8,023: za manjano 6,022, na za kijani 2,001. Kijani kilikuwa kimejificha tu. Sasa kilirudi katika sehemu moja ya kila sehemu nne.

Hapo alifahamu sheria. Kila mmea una viini viwili kwa kila sifa, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Kiini kimoja chaweza kukifunika kingine, lakini hakikiui. Mmea uzaapo hutoa kimoja tu kati ya viwili hivyo. Leo viini hivyo huitwa jeni.

Kimya

Tarehe 8 Februari na tarehe 8 Machi 1865, Padri Gregor alisoma habari hizo mbele ya chama cha wataalamu wa Brno, na mwaka 1866 zikapigwa chapa. Hakuna aliyetambua uzito wake. Alimwandikia mtaalamu mkubwa wa Munich, Nägeli, ambaye hakuona kwamba hapo pamefunguliwa mlango mpya.

Mwaka 1868 ndugu zake walimchagua kuwa Abate. Tangu 1874 alishindana na serikali juu ya kodi iliyotozwa monasteri, kodi ambayo yeye aliiona si ya haki, asikubali kuilipa hata mwisho. Wema wa Theresia hakuusahau: aliwasomesha wana wake watatu, na wawili kati yao wakawa waganga wa hospitali.

Alifariki tarehe 6 Januari 1884, sikukuu ya Epifania. Watu walimzika Abate wao. Hawakujua kwamba wanamzika mtaalamu mkuu. Ilipofika mwaka 1900, wataalamu watatu wa nchi mbalimbali, de Vries, Correns na Tschermak, walifikia sheria ileile, wakakuta kwamba padri mmoja alikwisha kuiandika miaka 34 kabla yao.

Matunda yake katika Kongo

Sheria hiyo imefika mpaka michikichini. Kuna mchikichi wenye ngazi za kaka nene na mafuta haba, na kuna mwingine usio na kaka, ambao mara nyingi hauzai vema. Mwaka 1941, wataalamu Beirnaert na Vanderweyen wa Yangambi walionyesha kwamba aina hizo mbili zikizalishwa pamoja, watoto wote huwa na kaka nyembamba na nyama nyingi ya mafuta. Lakini apandaye mbegu za mchikichi huo mzuri uliozalishwa na mwenzake wa aina yake hupata mchanganyiko: katika minne, mmoja hurudi kwenye kaka nene, mmoja hukosa kaka, na miwili tu hufanana na wazazi. Ndiyo hesabu ya njegere.

Hesabu hiyo imo pia katika damu ya watu. Kuna watoto waumwao mifupa mara kwa mara, wenye damu haba, na viganja vyao huvimba wangali wachanga. Ugonjwa huo huitwa drepanositozi, au selimundu. Waweza hata kuharibu kichwa cha mfupa wa paja, mtoto akachechemea. Baba ni mzima, mama ni mzima, na watu huuliza nani ameroga. Mara nyingi hushtakiwa bibi kizee au mama mwenyewe, na jamaa huvunjika kwa chuki.

Lakini hakuna aliyeroga. Baba na mama, kila mmoja, ana kiini kimoja cha ugonjwa kilichofunikwa, kama kijani ndani ya njegere ya manjano. Katika kila uzazi, bahati ya mtoto kupata viini vyote viwili ni moja katika nne. Wote wawili wamempa, wala hakuna mwenye kosa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali mapema, asipelekwe kwa mpiga ramli. Na wachumba wapime damu kabla ya kufunga ndoa.

Sheria hizo Mungu Muumba aliziweka, na padri aliyeshindwa mtihani mara mbili akazisoma kwa kuhesabu njegere. Mkristu amwachishaye jirani yake kumshtaki ajuza asiye na hatia, huyo naye anavuna katika bustani ile ya Brno. Naye katekumeni angojaye ubatizo, akiona kwamba kazi yake haijazaa, amkumbuke mpanzi aliyekufa miaka 16 kabla ya mavuno.