Tom Mboya na Darasa la Mang'u Asilolimaliza

Asafiriye kutoka mjini Thika kwa barabara iendayo Mang'u hupita Ngoingwa, mtaa ambao siku hizi umejaa nyumba za makazi. Mgongoni mwake, upande wa mashariki, husalia Kilima Mbogo, mlima ambao Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk. Mbele yake iko Mang'u, mahali ambapo mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walihamishia shule yao ya sekondari kutoka Kabaa mnamo mwaka wa 1940. Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa upande wa mlima huo, na masomo yake ya sekondari yakaanzia na kukatikia upande wa shule hiyo. Wamtajao Mboya aghalabu huanza na kisiwa cha Rusinga, wakarukia Nairobi, kisha wakavuka bahari hadi Marekani. Thika huachwa kando, ilhali ndipo lilipofumwa swali lililomwandama maisha yake yote, yaani ni nani anayestahili kusoma, na ni nani wa kumlipia.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge lililokuwa mali ya Sir William Northrup McMillan, tajiri wa asili ya Marekani aliyekuwa amefariki miaka mitano kabla ya hapo. Wazazi wake, Leonard Ndiege na Marcella, walikuwa Waluo wa Rusinga. Baba alikuwa nyapara wa vibarua. Shamba la mkonge si kijiji. Halina ukoo wala mipaka ya mababu. Wafanyakazi walitoka pande mbalimbali za nchi, na mtoto aliyekulia humo alijikuta akisema Kijaluo nyumbani, Kikamba na Kikuyu kwa wenzake wa kucheza, na Kiswahili kwa watu wote. Wachambuzi wa siasa wamestaajabia jinsi Mboya alivyoweza kuchaguliwa Nairobi na watu wasiokuwa wa kabila lake. Mtu akikumbuka shamba la Kilima Mbogo, mshangao huo hupungua.

Alipofika umri wa miaka tisa alipelekwa Kabaa, katika Ukambani, kwenye shule ya misheni iliyoanzishwa mwaka wa 1925 chini ya uongozi wa Padri Michael Witte, Mholanzi ambaye jina lake halitenganiki na historia ya elimu ya Kikatoliki nchini Kenya. Mwaka wa 1942 akahamia Yala, katika Nyanza, kwenye shule ya Mtakatifu Maria. Kisha, mnamo 1946, akarudi karibu na alikozaliwa, safari hii akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Roho Mtakatifu, Mang'u. Mwaka uliofuata aliwasili hapo kijana mmoja kutoka Othaya, Mwai Kibaki. Hao wawili walikuwa chini ya paa moja kwa muda mfupi tu. Kibaki alisoma hadi 1950, akaendelea Makerere. Mboya aliondoka mwishoni mwa 1947.

Hakufukuzwa, wala hakushindwa na masomo. Alifaulu mtihani wake wa mwaka huo, na njia ya kuelekea cheti cha Cambridge ilikuwa wazi. Kilichokosekana ni karo. Leonard Ndiege alikuwa na watoto wengine wa kusomesha, na mshahara wa nyapara haukutosha. Tukio hili husimuliwa kwa sentensi moja katika tawasifu nyingi za Mboya, kana kwamba ni daraja tu la kuvukia kuelekea mambo makubwa. Lakini kwa kijana wa miaka 17 wa enzi hiyo, kutoka katika mojawapo ya shule chache za sekondari zilizowapokea Waafrika, kuondoka kabla ya cheti kulikuwa ni kufungiwa mlango mbele ya macho yake. Makerere ilikwisha siku hiyo.

Alitafuta mahali ambapo serikali ingemlipa huku akisoma. Akajiunga na chuo cha kuwafunza wakaguzi wa afya, na katika mwaka wa 1951 akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Kazi yenyewe ilimfundisha zaidi ya alivyotarajia, kwani aliona Mzungu aliyefanya kazi ile ile akilipwa mshahara mkubwa mara kadhaa kuliko Mwafrika. Kutokana na uchungu huo akaingia katika chama cha wafanyakazi wa halmashauri, akakigeuza kuwa chama halisi cha kutetea haki. Kufikia 1953 alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, viongozi wa KAU wakatiwa mbaroni, na chama chenyewe kikapigwa marufuku mwaka uliofuata. Jukwaa pekee la kitaifa lililobakia mikononi mwa Waafrika likawa lile la wafanyakazi, na aliyelisimamia hakuwa amefikisha miaka 25. Machi 1955 wapakuzi wa mizigo wa bandari ya Mombasa walipogoma, ni yeye aliyekwenda kuzungumza nao na waajiri wao; matokeo yake yakawa nyongeza ya mshahara ya takriban theluthi moja.

Mwaka huo huo alipata ufadhili wa kusoma Ruskin, chuo cha wafanyakazi kilichoko Oxford, Uingereza. Alikaa mwaka mmoja. Hakuja na shahada, kwa sababu hakwenda kuitafuta. Alikuja na kijitabu kuhusu suala la Kenya kilichochapishwa 1956, pamoja na marafiki wengi katika vyama vya wafanyakazi vya Uingereza na Marekani. Alirejea wakati mwafaka. Uchaguzi wa Machi 1957 ulikuwa wa kwanza kuwaruhusu Waafrika kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane, na kura zenyewe hazikuwa sawa: mpiga kura aliweza kupewa hadi kura tatu kwa kuzingatia elimu yake, mapato yake na utumishi wake. Mshindani mkuu wa Mboya jijini Nairobi alikuwa C.M.G. Argwings-Kodhek, mwanasheria wa kwanza Mwafrika nchini. Katika uchaguzi uliotukuza vyeti namna hiyo, aliyeibuka mshindi ni yule aliyetoka Mang'u bila cheti cha Cambridge. Huenda historia ya Kenya haina kinaya kilichokolea kuliko hiki.

Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza Mkutano wa Watu Wote wa Afrika mjini Accra, Ghana. Baada ya hapo ikaja kazi ambayo kwayo jina lake litadumu kuliko vyeo vyote. Katika majira ya kuchipua ya 1959 alizunguka Marekani akihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi. Alichoomba hakikuwa silaha wala fedha za chama. Aliomba nafasi za masomo, na nauli ya kuwafikisha wanafunzi huko. Chuo Kikuu cha Howard kikamtunuku shahada ya heshima mwaka huo. Wanamichezo na wasanii mashuhuri, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, wakatia sahihi barua za kuchanga fedha. Mnamo Septemba 1959 ndege moja ikawasili New York ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka wa 1960, baada ya serikali ya Marekani kusitasita, Mboya alikutana na Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia 1963 waliosafirishwa kwa mpango huo, kutoka Kenya na nchi jirani, walikuwa karibu 800. Mmoja wa wale wa 1960 alikuwa Wangari Muta, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai. Mwingine, wa kundi la 1959, alikuwa Pamela Odede, aliyesomea Ohio. Yeye na Mboya walifunga ndoa Januari 1962.

Serikali ya kikoloni iliubeza mpango huo. Ilidai kwamba vyuo vya Marekani vilikuwa hafifu, kwamba wanafunzi wangekwama ugenini, na kwamba Makerere na Uingereza vilitosha. Dai la kwanza lilikuwa la kiburi zaidi kuliko la hoja. Dai la pili lilikuwa na chembe ya ukweli, kwani wapo waliotaabika kwa baridi, kwa njaa na kwa karo zisizokamilika. Nafasi zenyewe hazikutosha, na palipo na uhaba ndipo manung'uniko ya upendeleo huzuka. Hata hivyo, Mboya alijua jambo ambalo afisa wa elimu katika ofisi yake asingelijua. Alikuwa amewahi kuwa mwanafunzi aliyefaulu na bado akarudishwa nyumbani. Uhuru ulipofika Desemba 1963, waliokwenda mwanzo walikuwa wameanza kurejea, wakazijaza ofisi za serikali, shule na vyuo ambavyo vingalibaki mikononi mwa wageni.

Haikuwa Marekani pekee alikochota watu. Kibaki, ambaye alikuwa amepata shahada ya daraja la kwanza huko Makerere mwaka wa 1955 na akawa mhadhiri hapo baada ya kusomea London, alishawishiwa kuacha kazi hiyo na kuja kuwa afisa mtendaji wa KANU, chama ambacho Mboya alikuwa Katibu Mkuu wake tangu 1960. Hivyo yule aliyelimaliza darasa na yule asiyelimaliza wakakutana tena katika ofisi moja, na asiyelimaliza ndiye aliyekuwa mkubwa.

Mboya alishika wizara ya Leba 1962, kisha Sheria na Katiba, kisha Mipango ya Uchumi. Ni wizara hii ya mwisho iliyoandaa Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Hapa ndipo msifu humbidi anyamaze kidogo. Waraka huo ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo ambayo yangeleta faida ya haraka, yaani yenye rutuba, reli na barabara. Kaskazini kukavu kulilipia mantiki hiyo kwa miongo mingi. Ni vigumu kulinganisha mwandalizi wa hesabu hiyo na mtoto wa nyapara aliyekosa karo, lakini ni mtu yule yule. Vivyo hivyo katika mkutano wa Limuru wa Machi 1966, ustadi wake wa kupanga mambo ndio uliotumika kumng'oa Oginga Odinga katika umakamu wa rais wa chama. Waliomtumia hapo hawakumwamini zaidi baadaye, walimwogopa zaidi.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, siku aliyorejea kutoka mkutanoni Addis Ababa, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye Barabara ya Serikali, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alishtakiwa, akahukumiwa na kunyongwa kabla ya mwaka kwisha. Swali la aliyemtuma halikupata jibu mahakamani. Nchi ikagawanyika kwa namna ambayo mwanamume aliyesema lugha nne tangu utotoni aliipiga vita maisha yake yote.

Shule ya Mang'u nayo ilihama. Katika miaka ya 1970 iliondolewa ilipokuwa na kuletwa karibu zaidi na mji wa Thika, kwa hiyo wahitimu wanaporejea kukutana hawaingii katika madarasa aliyokalia Mboya. Kinachowaunganisha ni jina, pamoja na kaulimbiu ya shule, Jishinde Ushinde, ambayo mwanafunzi wa sarufi ataifurahia kwa kirejeshi chake kidogo kinachomgeuza mtenda kuwa mtendwa. Mikutano ya namna hii huwapanga watu kwa mwaka wa kumaliza. Mboya hana mwaka huo, na bado hutajwa miongoni mwa wana wa Mang'u, sawa na Kibaki aliyekuja kuwa Rais mwishoni mwa 2002 na ambaye serikali yake, Januari 2003, ilifuta karo katika shule za msingi za umma.

Alizikwa Rusinga, kisiwani kwa wazazi wake. Mnamo 2011 sanamu yake ilisimamishwa Moi Avenue, hatua chache kutoka lilipokuwa duka lile la dawa.