Kijiti na Kaniki: Siti binti Saad Alivyoimbwa, Alivyoimba

Muhula uliopita, usiku wa mdahalo wa wagombea, nilipanda jukwaani kumpigia debe rafiki yangu. Nikaghani beti tatu nilizokesha kuzitunga badala ya kusoma. Sera hazikuwemo hata moja. Zilimhusu mpinzani wetu, binti aliyeripoti chuo na begi la shangazi kaja, lafudhi ya kwao bado haijamtoka. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Yeye naye alicheka, kicheko cha nusu, kisha akatokea mlango wa nyuma. Mikutanoni sijamwona tena.

Haukupita muda ikaletwa rasimu ya kanuni mpya ya vikao vyetu: marufuku kutumia lugha yoyote inayoweza kumuudhi mtu, ofisi au kiongozi. Wengi waligeuka kunitazama. Na mimi, mwenye dhambi, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono kupinga. Najua ilivyoonekana. Sababu yangu ni mama mmoja wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, ambaye ndimi za watu alizijua kwa pande zote mbili. Aliimbwa, na yeye akaimba.

Siti binti Saad alizaliwa kijiji cha Fumba karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, watu wenye asili ya bara na ukoo wa utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, hivyo hivyo kama lilivyo. Amri ya kufuta utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897, lakini amri haifuti jina la mtu wala haimsahaulishi jirani asili yako. Hilo la Siti, ambalo kwa Kiarabu ni heshima ya bibi mkubwa, alilipata baadaye, alipokwisha kuwa mtu wa kusikilizwa.

Shule hakwenda. Mama yake alimfundisha kufinyanga vyungu, akawa anavipeleka mjini kuviuza, na muuza vyungu lazima anadi. Inasemekana watu walimsikia kabla hawajamwona. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Huko alikutana na wapigaji muziki walioitambua ile sauti, wakamfundisha kuimba na ala, na baadaye akawa na kundi lake, wakiwemo akina Maalim Shaaban na Mbaruk.

Hapa lazima tuelewane taarabu ilikuwa kitu gani enzi hizo, maana sisi tunaijua ya ukumbini na spika kubwa. Ililetwa kutoka Misri zama za Sultan Barghash, ikawa burudani ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu. Anayeosha vyombo jikoni alisikia sauti tu, maneno hakuambulia. Siti Kiarabu alikiimba pia, na kasri alialikwa, ila aliimba kwa Kiswahili, na mambo aliyoyaimba yalikuwa ya Ng'ambo, upande wa mji walikoishi wachukuzi, mafundi, wapishi na watu waliotoka utumwani juzi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na kundi lake kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Sauti ya mfinyanzi ikaanza kutoka kwenye gramafoni, pwani yote.

Na hapo ndipo ndimi zilipofunguka. Wapo walioshindwa kuvumilia. Wakamtungia wimbo, na wimbo wenyewe bado unajulikana. Walimuuliza amekuwa mtu lini. Wakamkumbusha kwamba aliingia mjini na kaniki, na kila aliyesikia alielewa, kwa sababu kaniki ilikuwa nguo ya watumwa. Wakasema isingekuwa sauti asingekuwa na cha kula. Sura yake nayo waliiimba. Yaani hakuna walichokigusa ambacho Siti angeweza kukibadilisha: wazazi, uso, nguo aliyovaa akiwa maskini.

Nilipousoma kwa mara ya kwanza niliona begi la shangazi kaja. Sikulala vizuri.

Siti hakwenda kushtaki. Alijibu kwa wimbo, na jibu lake halikushuka kwenye uso wa mtu wala ukoo wa mtu. Alisema kwamba uzuri na nasaba si hoja, na kwamba, kwa maana, hasara ya mtu ni kukosa akili. Shaaban Robert, ambaye aliandika wasifu wake, alimpenda kwa moyo huo, na ukisoma unaona anatutaka nasi tumpende hivyo. Mimi nampenda, lakini nasita kidogo. Siti alijibu kwa sababu alikuwa na sauti, kundi, na watu waliokuwa wakimsubiri. Ukimwambia kila anayetukanwa ajibu kama Siti, unamdai kipaji ambacho Mungu hakugawa kwa wote. Yule binti wa mdahalo angejibu na nini? Kipaza sauti nilikuwa nacho mimi.

Sasa upande wa pili. Kati ya nyimbo za Siti upo unaoitwa Kijiti. Kilichoimbwa kilitokea kweli. Mwanamke mgeni, mjamzito, alikuja Unguja kutoka bara, akatolewa matembezi usiku, akanajisiwa na kuuawa. Kijiti ni jina la aliyefanya hivyo. Alitoroka akavuka bahari. Kesi ilipofika mahakamani, waliofungwa wakawa ni wale waliotoa habari, kwa kosa la pombe iliyonywewa kwenye yale matembezi. Muuaji yuko huru, shahidi yuko ndani. Siti aliliimba hilo kwa Kiswahili, majina yakiwemo, hakimu akiwemo, ikaingia kwenye santuri.

Hebu fikiria ile rasimu yetu ingekuwa sheria ya Unguja wakati huo. Lugha inayoweza kumuudhi mtu, ofisi au kiongozi. Wimbo wa kaniki ungepita kirahisi tu, maana aliyeudhika alikuwa binti wa mtumwa, na nani angempelekea malalamiko yake? Kijiti ndio ungenaswa. Kwa kipimo cha kuudhi, kumwambia hakimu amekosea haki ni kosa kubwa kuliko kumcheka mfinyanzi kwa nguo yake. Mwenye ofisi siku zote anaudhika kwa urahisi zaidi, na ana karatasi ya kuandikia.

Nyimbo zote mbili ziliuma, siwezi kukataa. Ila Kijiti uliwauma watu kwa walilolitenda, na kwa sababu yake wanyonge wa Ng'ambo walipata pa kusema kwamba mahakama haikuwatendea haki. Ule wa kaniki ulimuuma mtu kwa alivyozaliwa, na kusudi lake lilikuwa anyamaze, arudi Fumba. Beti zangu zilikuwa za ukoo huo. Nilijidai kutumia uhuru wa maoni, kumbe nilikuwa natumia uhuru wangu kumfunga mwenzangu mdomo.

Siti aliimba kwa miaka mingi, akazeeka, akafa mjini Unguja Julai 1950. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti.

Kwenye kikao nilipendekeza maneno ofisi na kiongozi yafutwe, na badala ya kuudhi tuandike waziwazi: kumdhalilisha mtu kwa kabila, asili, sura, ulemavu au umaskini wake. Mjumbe mmoja wa mwaka wa kwanza akauliza, sasa nani atakayeamua beti hizi ni za Kijiti na hizi ni za kaniki? Si watakuwa hao hao viongozi? Nilikosa jibu, na mpaka leo sinalo. Hoja ikaahirishwa.

Jumamosi yake nilikwenda bweni la wasichana, nikaomba niitiwe yule binti nimuombe radhi. Aliyeteremka ni mwenzake wa chumba. Akaniambia amehamia mtaani tangu wiki ile ya mdahalo, na namba yake hakuwa tayari kunipa.