Menno Simons, Padre Aliyeacha Raha Yake

Kaskazini mwa nchi ya Uholanzi liko jimbo liitwalo Friesland. Ni nchi tambarare, yenye malisho na ng'ombe wengi, na upepo wa baharini huvuma huko majira yote. Katika kijiji kimoja cha jimbo hilo, Witmarsum, alizaliwa Menno Simons mwaka wa 1496.

Menno alisomeshwa kazi ya upadre, na mwaka wa 1524 akawekwa wakfu, akapewa kazi katika kijiji cha Pingjum, karibu na kwao. Maisha yake yalikuwa ya raha. Alikuwa na nyumba, na chakula, na heshima ya watu. Kazi za ibada zikiisha, yeye na mapadre wenzake wawili hucheza karata na kunywa. Biblia alikuwa hajaisoma kamwe, kwa maana aliogopa isije ikampoteza.

Baada ya muda mfupi, siku moja alipokuwa akiushika mkate wa Misa, wazo likamwingia moyoni, kwamba labda mkate ule na divai ile si mwili na damu ya Bwana kwa hakika. Akadhani ni Shetani anayemjaribu. Akaungama, akaomba, lakini wazo lile halikumtoka. Basi akafungua Agano Jipya kutafuta jibu, akaona kwamba aliyofundishwa hayapatani na aliyoyasoma. Hata hivyo hakuacha kazi yake, wala raha yake.

Mwaka wa 1531 akasikia habari ya kumshangaza. Katika mji wa Leeuwarden mshona nguo mmoja, jina lake Sicke Freerks, alikatwa kichwa kwa sababu amebatizwa mara ya pili, akiwa mtu mzima. Menno akayachunguza Maandiko, asione mahali palipoamriwa kubatiza watoto wachanga. Moyoni alijua kwamba mshona nguo yule hakustahili kufa. Lakini mwaka ule ule akapewa parokia ya Witmarsum, nayo ilikuwa na faida kubwa zaidi, akaipokea. Watu wakamsifu kuwa ni mhubiri hodari. Naye akapenda kusifiwa.

Wakati ule baadhi ya watu waliobatizwa upya walipotea njia. Huko Münster, katika Ujerumani, waliuteka mji kwa upanga, wakisema wanausimamisha ufalme wa Mungu. Na mwaka wa 1535, huko huko Friesland, watu kama 300 waliteka nyumba ya watawa karibu na Bolsward. Askari wa serikali wakawashambulia, wakawaua wengi. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mtu ambaye Menno alimwita ndugu yake.

Menno alikuwa amewapinga watu hao, lakini damu yao ikamlemea. Aliwaza kwamba wale walikuwa kondoo wasio na mchungaji, nao walitoa maisha yao kwa ajili ya kosa. Bali yeye aliyeijua kweli alinyamaza kwa ajili ya tumbo lake. Akaanza kuhubiri waziwazi yale aliyoyaamini. Kisha, mwezi wa Januari 1536, akaacha parokia, na mshahara, na heshima yake yote, akatoka.

Baadaye alioa mke, jina lake Gertrude. Waumini wachache wakamjia wakamsihi awe mchungaji wao. Aliogopa, kwa kuwa aliijua hatari yake, lakini mwisho alikubali, na Obbe Philips akamwekea mikono. Menno akafundisha kwamba abatizwe mtu anayeamini mwenyewe. Kwamba Mkristo asishike upanga, hata juu ya adui. Kwamba neno lake liwe kweli pasipo kiapo. Na kwamba wajane, yatima na maskini watunzwe na ndugu zao.

Serikali ikamtafuta. Mwaka wa 1539 mkulima mmoja, Tjard Reynders, aliuawa kwa sababu alimpokea Menno nyumbani kwake. Mwaka wa 1542 Kaisari Charles wa 5 akatangaza kwamba atakayemkamata Menno atapewa gulden 100. Menno na mkewe na watoto wao wadogo wakahama mahali hata mahali, wasipate kibanda cha kukaa salama. Huhubiri usiku, huandika vitabu mafichoni.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1553 alikuwa amejificha Wismar, mji wa Ujerumani ulio kando ya bahari. Merikebu ikaja, imejaa Wakristo waliofukuzwa Uingereza, ikashikwa na barafu karibu na mji. Watu wa mji hawakutaka kuwasaidia. Ndugu wa Menno, ambao wao wenyewe walikuwa wakijificha, wakatembea juu ya barafu wakawapelekea mkate, wakawaingiza mjini. Walijua kwamba kwa kufanya hivyo watajulikana. Wageni wale hawakuwa wa imani moja nao, hata wakabishana na Menno juu ya mafundisho yake. Mwaka wa 1554 wakuu wa mji wakawafukuza wafuasi wa Menno.

Hatimaye bwana mmoja mwenye ardhi akawapa makao katika kijiji cha Wüstenfelde, katika nchi ya Holstein. Menno alikuwa amekwisha kuwa kiwete, akitembea kwa gongo, wala hakuacha kuandika. Huko alikufa tarehe 31 Januari 1561, akazikwa katika bustani yake.

Walioshika mafundisho yake wakaitwa Wamennonite, nao wakaenea katika nchi nyingi. Mwaka wa 1934 wamisionari wao kutoka Marekani walifika Shirati, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, katika nchi iliyoitwa Tanganyika siku zile.

Miaka 11 Menno aliijua kweli asiitende, naye alikuwa na kila kitu. Miaka 25 aliitenda, naye hakuwa na pa kulaza kichwa. Lakini tunapomkumbuka leo, hatuikumbuki ile miaka 11. Kujua jambo jema si kazi kubwa. Kulitenda ndiko kunakomgharimu mtu.